Volkano haisomwi kwa madesa

UE inakaribia, kila kona unakuta mtu kainamia madesa. Basi leo acha niseme kinachonikera: jiolojia huku kwetu tunasoma kama historia. Unakariri aina za volkano, unafaulu, unasahau. Hela zikibana, cha kwanza kukatwa ni fildi.

Jamani, kuelewa volkano kunahitaji mafiga matatu (sio yale ya kampeni): nadharia, majaribio na fildi. Ukitoa moja, chungu kinamwagika.

Mfano tunao nyumbani, Ol Doinyo Lengai, ule Mlima wa Mungu wa Wamaasai, karibu na Ziwa Natron. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi. Lava ya Hawaii ina joto la nyuzi 1,100 hivi, ya Lengai ni kati ya 500 na 600 tu. Inatoka nyeusi, inatiririka kama maji, halafu haichukui muda inageuka nyeupe kwa unyevu wa hewani. Wataalamu walibishana miaka mingi kama mawe ya aina hiyo yanaweza kweli kutokana na magma. Hawakumaliza ubishi kwa kukaa mezani. Watu walipanda mlima, wakachukua mawe, yakapimwa, na mwaka 1962 J. B. Dawson akatangaza majibu.

Sasa nadharia. Magma inapanda kwa sababu ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, na ndani yake kuna gesi, kama soda kwenye chupa. Ikikaribia juu mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka. Magma ikiwa laini kama mafuta ya kula, mapovu yanapita kwa amani. Ikiwa nzito kama ugali, yanabanwa mpaka yanalipuka.

Kwa hesabu hiyo Lengai isingelipuka. Lakini Septemba 2007 ililipuka, majivu yakapaa kilomita kadhaa, na milipuko ikaendelea mpaka 2008. Ikabidi warudi fildi kuokota majivu. Wakakuta ni mchanganyiko: magma mpya yenye silika ilipanda ikakutana na ile ya magadi, na maelezo yao ni kwamba hewa ya ukaa ikafumuka kwa wingi. Kamulia ndimu kwenye magadi, picha utaipata.

Na majaribio je? Julai 2007, kabla ya mlipuko huo, ardhi ilitetemeka kaskazini mpaka Nairobi wakasikia. Vipimo vilionyesha magma imejipenyeza chini ya mlima Gelai, jirani na Lengai, ikasimama kama ukuta mwembamba bila kutoka nje. Unataka kuona inavyokuwa? Gandisha jelatini kwenye chombo cha kioo, ingiza maji ya rangi kwa sindano kutokea chini. Yataipasua na kupanda kama karatasi iliyosimama. Maabara za wenzetu hufanya hivyo hivyo, na vifaa vyake vinanunulika kwa bumu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wazungu wapenda mawe. Waulize watu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudi, safari hii dalili zikionekana muda mfupi sana kabla. Vipimo vina faida gani basi? Siku zilizofuata, ni vipimo vya mitetemeko na vya ardhi vilivyoonyesha magma inasogea chini ya mji kuelekea ziwani, na tarehe 27 Mei sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Magma haikutoka tena, lakini uamuzi kama huo unahitaji watu wanaojua kusoma mashine na kuusoma mlima wenyewe. Watu hao hawatengenezwi kwa madesa.

Kwetu mwanga upo. Chuo Kikuu Ardhi kwa kushirikiana na watafiti wa nje wanafuatilia Lengai kwa vituo vya GPS. Lakini vituo hivyo vitahitaji vijana wa kuvisoma miaka 20 ijayo, na vijana ndio sisi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwanafunzi wa jiolojia asihitimu kabla hajakanyaga volkano hata mara moja. Maabara iwe na chombo cha jelatini. Na tukitoka fildi, tuwaeleze wafugaji wa chini ya mlima tulichokiona, kwa lugha wanayoielewa. Majivu yakianguka, yanaangukia malisho yao, sio kabati la ripoti.

Nawasilisha. Wana jiolojia wenzangu, na nyie mnaosoma mengine, mnasemaje?