Ukuta wa Udongo Hauna Kosa

Mwandishi aliyeshauri kuta kongwe za udongo za Tura zibomolewe, eti hazibebi kabati la jikoni, ameuhukumu ukuta kwa kosa la fundi. Kweli, skrubu kwenye tofali bichi humwaga vumbi na plagi yake hulegea. Lakini nani kasema ukuta ndio ubebe? Nyumba za tembe za njia ya misafara ya zamani zilibeba paa zito la udongo kwa nguzo na boriti. Fanya vivyo hivyo: simamisha miimo miwili ya mninga kutoka sakafuni, kabati likae juu yake. Kulizuia lisiinamie mbele, toboa ukuta hadi nje, pitisha bolti, weka bamba la chuma upande wa pili. Msibomoe, tafuteni fundi anayeujua udongo.