Tukate Rufaa Pamoja

Wakenya wenzangu mnaoendesha magari,

Mwezi uliopita nilirudi garini nikakuta gurudumu la mbele limefungwa chuma. Ushuru wa maegesho nilikuwa nimeulipa asubuhi, na ujumbe wa M-Pesa ulikuwa kwenye simu. Nikamwonyesha kanjo wa kaunti. Akaniambia gari langu halionekani kwenye mashine yake, nilipe faini kwanza, nilalamike baadaye. Mtoto alikuwa akinisubiri shuleni. Nikalipa, nikaenda nyumbani, nikanyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakonichoma. Nilipiga hesabu ambayo ninyi pia mnaipiga: asubuhi nzima ya kupanga foleni ofisini huweza kumgharimu dereva wa teksi zaidi ya faini yenyewe. Kwa mtu mmoja hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini kosa lisilolalamikiwa haliandikwi popote, na anayefunga magari hana sababu ya kuangalia mashine mara ya pili. Ndiyo maana naomba tuache kuipiga hesabu hii kila mtu peke yake.

Tuwe wakweli kwanza. Kama hukulipa, au uliziba lango la hospitali, lipa faini. Lalamiko moja la uongo litachafua yetu yote. Lakini kama ulionewa, hata ukilazimika kulipa ili gari lifunguliwe, piga picha kabla ya kuondoka: gurudumu, namba ya gari, na mahali ambapo kibao cha kukataza kingepaswa kuwa. Dai stakabadhi. Usitoe kitu kidogo, maana ukishatoa huna tena kesi. Jioni hiyohiyo andika barua, hata ya mistari minne, uulize umetozwa kwa sheria gani. Kuuliza si ufidhuli: Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa anayeumizwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Nakala ipelekwe kwa ofisi ya Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko bila malipo.

Barua moja huishia kabatini. Arobaini za mtaa mmoja, zenye picha na stakabadhi, mwakilishi wa wadi hawezi kuzikalia. Kifungu cha 37 kinaturuhusu kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na bunge la kaunti ni mojawapo. Tuombe mambo mawili: ujumbe wa malipo ukubaliwe papo hapo barabarani, na aliyetozwa kimakosa arudishiwe pesa kwa simu ileile aliyolipia, ndani ya siku 14.

Wenyeviti wa stendi za teksi, wafanyabiashara wa sokoni, wazazi mnaoshusha watoto, kila kundi lifungue faili lake. Langu nimelifungua kwa barua iliyogongwa mhuri Jumatatu. Leteni barua zenu kabla ya mwisho wa mwezi, twende bunge la kaunti pamoja.