Mafungu ya Kuazima katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Wapo walimu wa uandishi wa kitaaluma wanaowagawia wanafunzi wa uzamili orodha za mafungu ya maneno ya Kiingereza, mfano wa "on the other hand" na "it should be noted that", kana kwamba hoja hupatikana kwa kukariri viungo vyake. Mwanafunzi huyabeba mzegamzega akayatia katika tasnifu ya Kiswahili: "kwa upande mwingine", "ni muhimu kutambua kwamba". Aandikaye "kwa upande mwingine" aghalabu hakutaja upande wa kwanza. Na ashurutishaye jambo litambuliwe hasemi ni nani aliyelikana.

Orodha za namna hiyo hujiegemeza kwenye utafiti ambao wenyewe hauna lawama. Douglas Biber na wenzake, katika sarufi ya Kiingereza iliyochapishwa na Longman mwaka 1999, walihesabu mafungu yaliyojirudia angalau mara 10 katika kila maneno milioni moja. Walieleza mazoea, hawakutunga sheria. Mwaka 2008 Ken Hyland alilinganisha uhandisi wa umeme, biolojia, masomo ya biashara na isimu tumizi, akaona kwamba zaidi ya nusu ya mafungu ya kila taaluma hayakuonekana katika orodha za zile nyingine tatu. Fasihi haimo hata katika hizo nne! Ikiwa mhandisi na mwanabiolojia hawaazimani viungo, mhakiki wa tamthilia za Ebrahim Hussein anaazima kwa nani?

Kosa zito zaidi limo katika kuhesabu kwenyewe. Kiingereza hutenganisha maneno yake, ndiyo sababu fungu la maneno manne huonekana na kuhesabika. Kiswahili huitia kazi hiyo ndani ya kitenzi. "Ajapokosea", "asingalikufa", "alipoondoka": kila moja ni neno moja tu, nalo limekwisha kuweka ukinzani, sharti au wakati ambao Kiingereza huutafutia maneno matatu, manne, hata matano. Kipimo cha maneno manne manne hakiwezi kuliona. Anayeitafsiri orodha hiyo neno kwa neno humpokonya mwanafunzi -japo- na -ngali-, akampa "licha ya ukweli kwamba", maneno manne yanayofanya kazi ya silabi mbili.

Wasimamizi wa tasnifu, ambao hawakawii kupigia mstari mwekundu kosa la upatanisho wa ngeli, mbona fungu hilo hulipitisha kimya? Na lifutwe, kisha mwanafunzi aulizwe: upande wa kwanza u wapi?