Kupanua Nyumba za Lamu si Kuzibomoa

Tangu mwaka 2001, Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hiyo ni heshima kubwa. Hata hivyo, aila inapoongezeka, nyumba nayo haina budi kuongezwa, na hapo ndipo unapozuka mvutano baina ya mhifadhi na mwenye nyumba.

Mimi nashikilia kwamba kupanua nyumba si dhambi. Waamu wa kale walipanua. Binti alipoolewa, wazazi waliweza kumjengea ghorofa juu ya yao. Na wikio, chumba kile kinachovuka kichochoro, kiliunganisha nyumba mbili bila ya kuwazibia njia wapitao. Kanuni ilikuwamo katika ufundi wenyewe: urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopima upana wa chumba.

Hatari ya leo ni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu ikabanduka na boriti zikaoza. Ghorofa ya zege juu ya ukuta huo ni mzigo usiouweza.

Kwa hiyo, miongozo isiishie kwenye makatazo. Ieleze pa kuongeza, uzito unaostahimilika na vifaa vifaavyo. Tena anayeamrisha chokaa asaidie kuigharimia, kwani mnyonge asiyeimudu atageukia saruji kwa siri.

Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi kwa mafundi wa chokaa wangalipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, fundi wake akishatoweka, hatutaweza kuujenga tena.