Demokrasia isiishie mlangoni kwa sheha

SISI Wazanzibari tulioko hapa Johannesburg tunapokutana mwisho wa wiki hatuchelewi kufika kwenye siasa. Na siasa yetu ni ile ile: nani Rais, nani Makamu, nani kaibiwa kura. Leo tunawaomba wasomaji wetu, mlioko nje na mlioko nyumbani, tumtazame mtu mdogo kwa cheo lakini mkubwa mtaani: sheha.

Zamani vijiji vya kusini Unguja, kama Makunduchi, vilikuwa na "watu wanne", wazee walioangalia mambo ya mji: ardhi, ugomvi, sherehe za Mwaka. Hawakuwa malaika, na wanawake na vijana hawakuulizwa mengi. Lakini heshima yao ilitoka kwa watu wao. Sheha wa leo huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Mwananchi wa shehia hana kura hapo.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 tulidhani hayo yatabadilika. Badala yake uchaguzi wa 1995 uliingia hadi kwenye harusi na mazishi. Ndugu walisusiana, mtu akalipita duka la jirani kwa sababu ya kadi ya chama. Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ndiyo yaliyowarudisha watu kuzikana. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, chuki ikarudi.

Katika yote hayo sheha alikuwepo. Yeye ndiye anayethibitisha kwamba fulani ni mkaazi. Bila ya barua yake, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ni tabu kukipata, na bila ya kitambulisho huandikishwi kupiga kura. Mwaka 2009 uandikishaji kisiwani Pemba ulisitishwa kwa muda kwa ugomvi huu huu. Tujiulize: aliyeteuliwa na wakubwa atawaudhi wakubwa ili amtendee haki jirani wa chama kingine? Masheha waadilifu wapo, tunawajua. Lakini haki ya raia isitegemee bahati ya kuwa na sheha mwema.

Wapo wanaosema visiwa ni vidogo, mkichagua masheha mtaingiza fitina kila mtaa. Jawabu letu ni kwamba fitina imeshaingia zamani. Kinachokosekana ni njia ya kumwondoa anayeichochea. Wengine hutuonesha Tanzania Bara, ambako wenyeviti wa vijiji na mitaa huchaguliwa, lakini mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na vyama vyao vikajitoa. Ni kweli. Kura peke yake si dawa.

Ndiyo maana tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, masheha wachaguliwe na watu wa shehia, bila ya tiketi ya chama, kwa muda maalumu. Pili, uthibitisho wa ukaazi usiwe mikononi mwa mtu mmoja. Wakae wazee, wanawake na vijana wa pande zote, washuhudie nani ni mwenzao. Huko ndiko mila na demokrasia zitakapokutana.

Johannesburg ina kata 135, kila moja na diwani aliyechaguliwa na watu wake. Sisi wageni hatumpigii kura, na mji huu una matatizo yake, maji yakiwamo. Lakini Novemba 2021 tuliwaona majirani zetu wakipanga foleni kuwachagua madiwani waliokuwa wamewapigia hodi nyumbani.

Lini sheha atagonga mlango wa mama zetu kuomba kura, badala ya mama zetu kugonga mlango wake kuomba barua?