Ajali Ina Kinga

Kuna msemo unaosikika kila mara majeruhi anapofikishwa hospitalini akiwa amevunjika mguu au amepasuka kichwa: ajali haina kinga. Ndugu huutamka ili kumfariji mgonjwa, dereva huutamka ili kujitetea, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya aliyechoka huutamka mwisho wa zamu. Ni msemo wa huruma, lakini una madhara yake. Ukishakubaliwa, maswali yote hufungwa: kofia ilikuwa wapi, mwendo ulikuwa kiasi gani, na kwa nini majeruhi ameletwa amekunjwa juu ya pikipiki kama gunia la mpunga.

Ajabu ni kwamba watu wanaopenda mwendo kasi kuliko wengine wameukataa msemo huo. Hao ni wamiliki wa magari ya zamani ya mwendo kasi. Hujiunga katika vilabu, hutunza magari ya miaka ya 1960 na 1970, hutoka pamoja kwa matembezi, na siku maalumu hukodi uwanja wa mashindano ili wayakimbize mbali na wapita njia. Afrika Mashariki nayo ina historia katika jambo hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh aliyashinda akiendesha Volvo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akaupata ushindi wake wa kwanza kati ya mitano, akiwa na Datsun 240Z. Tangu mwaka 2003, magari ya enzi hizo hukusanywa tena katika mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yamevuka mpaka na kuingia Tanzania.

Siku ya uwanjani ya vilabu hivyo ina utaratibu unaostahili kusomwa na kila mtu wa afya. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, madereva wote huketi kusikiliza maelezo ya usalama, na asiyehudhuria haingii uwanjani. Kofia ngumu ni lazima. Kupitana huruhusiwa mahali palipotajwa tu. Gari la wagonjwa husubiri kando likiwa na wahudumu wenye ujuzi, na likiondoka kumpeleka majeruhi hospitalini, magari yote husimamishwa mpaka lirudi au lije jingine. Msaada usipokuwepo, hakuna mwendo. Hiyo ndiyo kanuni mama.

Kanuni hizo zilinunuliwa kwa damu. Mwaka 1966, katika uwanja wa Spa nchini Ubelgiji, gari la Jackie Stewart liliacha njia wakati wa mvua. Alinaswa ndani yake kwa dakika zipatazo 25 huku petroli ikimwagikia mwilini. Waliomwokoa walikuwa madereva wenzake wawili, kwa spana iliyoazimwa kwa mtazamaji. Gari la wagonjwa lililombeba likapotea njia kuelekea hospitalini. Tangu hapo Stewart alidai vizuizi bora, mikanda na madaktari viwanjani, na wapo waliomdhihaki kuwa ni mwoga. Mwaka 1978, katika uwanja wa Monza nchini Italia, Ronnie Peterson aliumia vibaya miguu, msaada ukachelewa, na siku iliyofuata akafariki. Daktari Sid Watkins, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa ameanza kusimamia tiba katika mashindano hayo mwaka huohuo, akashikilia kwamba gari la daktari liyafuate magari katika mzunguko wa kwanza, na kwamba mtaalamu wa usingizi na helikopta viwepo tayari. Baada ya vifo viwili vya mwaka 1994 katika uwanja wa Imola, ulinzi ulikazwa zaidi, na miaka 20 ikapita kabla ya dereva mwingine kuumia hadi kufa katika mashindano hayo. Magari hayakupunguza shauku ya mwendo. Kilichobadilika ni fikra: ajali ilikoma kuitwa majaliwa, ikaanza kushughulikiwa kama ugonjwa wenye visababishi, kinga na tiba.

Kutoka viwanja hivyo hadi Kibaoni, Ifakara, ni mbali, lakini mwili wa binadamu ni uleule. Barabara ya kutoka Kidatu, iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, sasa ina lami. Hiyo ni neema, kwani mjamzito anawahi kituo cha afya na mgonjwa wa rufaa hateseki kama zamani. Hata hivyo, lami hualika mwendo, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Katika barabara hiyohiyo hupita malori ya mpunga, bajaji, bodaboda yenye abiria wawili, mkulima juu ya baiskeli na mtoto anayetoka shule. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika makazi. Mwenye gari la zamani hulipa fedha ili akimbie mahali pasipo na mtoto, akiwa na daktari karibu. Bondeni, mwendo hufanyika kati ya watoto, bila daktari, tena kwa nauli ndogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu humpunguzia mtumiaji wa pikipiki hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Takwimu hizo peke yake zinatosha kuubatilisha ule msemo.

Yupo atakayesema kwamba huo ni mchezo wa matajiri, na kwamba kuulinganisha na riziki ya kijana wa bodaboda ni kumwonea. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna halmashauri itakayoweka helikopta katika kila kijiji. Lakini sehemu kubwa ya utaratibu wa uwanjani haihitaji utajiri: maelezo mafupi kabla ya kazi, kofia iliyofungwa mkanda kidevuni, na mtu anayejua la kufanya majeruhi anapoanguka. Tena Tanzania imekwisha kuthibitisha kuwa dereva wa kawaida anaweza kuwa sehemu ya tiba. Mpango wa m-mama, kwa namba 115 isiyolipiwa, huwatumia madereva wa jamii kumfikisha mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura hospitalini pale gari la wagonjwa linapokosekana. Kilichowezekana kwa uzazi hakiwezi kuwa muhali kwa ajali.

Kwa hiyo, kila kituo cha bodaboda Kibaoni na kwingineko bondeni kinastahili kuwa na madereva wachache waliofunzwa huduma ya kwanza, na vituo vya afya vilivyo jirani ndivyo vinavyofaa kuwa walimu wao. Mafunzo hayo si marefu. Zuia magari yanayokuja. Tazama kama majeruhi anapumua. Kandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi. Usimvute wala kumkunja, bali shingo na mgongo vibaki vimenyooka, abebwe na watu kadhaa juu ya ubao au machela. Usimpe chakula wala maji. Piga simu mapema ili hospitali ijiandae.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aliyegonga kichwa akaruhusiwa kurudi nyumbani asiachwe peke yake siku ya kwanza. Akianza kutapika mara kwa mara, kuumwa kichwa kunakozidi, kuchanganyikiwa, kupata degedege au kulala asiamshike, arudishwe hospitalini bila kusubiri kupambazuke. Na abiria anayo haki ya kudai kofia kabla ya kupanda, na kumwambia dereva, "Mdogo wangu, punguza mwendo," bila kuona haya.

Kibaoni maana yake ni mahali penye kibao, na kibao huwekwa ili msafiri aonywe kabla ya kupotea. Wapenzi wa magari ya zamani walichelewa kusoma kibao chao, wakazika wenzao wengi. Bonde la Kilombero halina sababu ya kungoja makaburi mangapi zaidi. Msemo wa kale unaweza kubaki na kazi yake ya kumfariji aliyekwisha kuumia, lakini usitumike kumsamehe aliyeweza kuzuia. Ajali ina kinga, na kinga hiyo huandaliwa kabla injini haijawashwa.