Kitunguu Hupima Mchana



Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya kitunguu, zao ambalo, pamoja na nyanya, hulisha nyumba nyingi za Ilula na kulipa karo za watoto. Hutokea shamba likastawi, majani yakawa marefu na mabichi, lakini mkulima aking'oa hukuta shingo nene isiyo na kichwa. Ndipo minong'ono huanza: amelogwa, jirani kamwonea kijicho. Sisi twasema minong'ono hiyo ni dhuluma, kwani jibu huenda limo katika mbegu yenyewe.

Kitunguu hakifungi kichwa kwa kufuata umri tu; hupima urefu wa mchana. Majani yana protini ziitwazo fitokromu, zenye kupokea mwanga. Ndani ya seli mna saa ya asili: protini fulani hutawala jeni alfajiri, nyingine hushika zamu jioni, na mzunguko huo wa saa 24 hivi huendelea hata gizani. (Mwaka 1729 Mfaransa de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, na majani yake yakaendelea kufunguka na kujikunja kwa zamu kana kwamba yaliona jua.) Saa hiyo na mwanga vinapokubaliana kwamba mchana umefikia kipimo, jani hutuma ujumbe chini. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba jeni ya kitunguu iitwayo AcFT1 huchochea kichwa, na nyingine, AcFT4, hukizuia mpaka mchana urefuke.

Sasa tutazame kwetu. Ilula mchana wa Juni ni takribani saa 11 na dakika 40, na wa Desemba takribani saa 12 na nusu. Uholanzi mchana wa Juni hukaribia saa 17. Mbegu iliyozaliwa kwa mchana wa huko, yenye kungoja saa 14 au zaidi, itangoja hapa mpaka mkulima achoke. Bombay Red na Red Creole hufunga kwetu kwa sababu zaridhika na mchana mfupi. Nyanya nayo haina masharti hayo, wala huzaa kwa kutazama urefu wa mchana.

Kweli, mbolea ya naitrojeni ikizidi au ikichelewa nayo huleta shingo nene, na hilo ni juu ya mkulima. Lakini mwuzaji anayetoa pakiti ya picha nzuri, bila kujua wala kuuliza mbegu ile yataka saa ngapi za mwanga, hatumwoni tofauti na mwenye mizani ya uongo. Tunayo Sheria ya Mbegu tangu 2003, na TOSCI ipo kusimamia ubora. Hata hivyo mbegu yaweza kuwa safi, ikaota vizuri, na bado isiwe ya nchi hii. Kwa maoni yetu kila pakiti ya vitunguu ingepaswa kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka: ya mchana mfupi, au ya mchana mrefu.

Mpaka hapo, ndugu wapendwa, ulizeni dukani kabla ya kulipa. Mbegu msiyoijua ipandeni tuta moja tu msimu wa kwanza, na pakiti yake msiitupe.